Mwanamke Aliyeshika Kioo

Nilifunga safari ya London kwa sababu ya macho yangu. Daktari wa macho, kule kwetu Unguja, aliniambia kuwa presha ya macho imekwishakula pembe za uoni wangu, na kwamba dawa itapunguza kasi tu, kilichokwenda hakirudi. Mbele nilikuwa bado naona vizuri, lakini cha pembeni sikioni mpaka nigeuze kichwa. Mimi ni mwalimu wa sanaa katika chuo cha ualimu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha vijana namna wachoraji wa Ulaya ya zamani walivyojua kulifanyia jicho kiinimacho: mistari ya sakafu inakutana mbali mpaka ukuta mtupu unaonekana una chumba ndani yake, au kioo kilichochorwa kinaonesha mtu ambaye hamo kwenye picha. Yote hayo niliyafundisha kwa vitabu. Picha zenyewe sikuwahi kuziona hata moja. Dada yangu Maryam, anayeishi Ilford tangu ujana wake, aliposikia habari ya macho hakunipa pole. Alisema, "Njoo sasa, wakati bado unaona."

Uwanja wa ndege wa London nilifika asubuhi yenye mvua nyepesi. Afisa aliyeshika pasi yangu aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia, kutazama picha. Akauliza tena, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurekebisha jibu. Nikamjibu vilevile, akagonga muhuri.

Nyumbani kwa Dada, Ilford, nilipokelewa na chai ya maziwa na mkate wa ufuta. Mumewe alikwishafariki, na watoto wamehama, kila mmoja na kwake. Yeye anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, shifti za asubuhi na za jioni, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kupumzika. Nilimweleza picha ninazotaka kuziona, zote katika jumba moja la sanaa katikati ya mji. Akasikiliza huku anakunja nguo, kisha akasema, "Mimi jumba hilo nalipita nje tu. Sijawahi kuingia. Tutakwenda wote."

Jumamosi tulipanda treni ya Elizabeth line mpaka katikati ya mji, tukamalizia kwa miguu. Ndani ya jumba mlikuwa na ukimya wa watu wengi wanaojizuia kusema. Nilianza na picha ya mabwana wawili waliosimama kando ya meza iliyojaa vyombo vya kupimia nyota. Miguuni pao pana doa refu la kijivu, limelala upande, halieleweki ni nini. Nilisogea kulia, karibu kabisa na ukuta, nikatazama kwa mshazari. Lile doa likajikusanya, likawa fuvu la binadamu, lenye matundu ya macho na meno. Nilimvuta Dada asimame nilipokuwa nimesimama mimi.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Ukiwa mbele hulioni kabisa."

Tulicheka kama wasichana. Chumba cha pili palikuwa na sanduku la mbao lenye tundu dogo. Ukichungulia unaona nyumba nzima ya Kiholanzi, vyumba vinafuatana, mbwa amekaa sakafuni. Ukiondoa jicho, ni ubao uliochorwa upande upande. Nilichungulia mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu, na hakuna aliyenifukuza. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye furaha.

Adhuhuri tulifika katika chumba kilichokuwa na picha niliyokuja kuitafuta hasa. Ni ya bibi mmoja tajiri, amevaa hariri, anajitazama kwenye kioo. Nimeifundisha picha hii kila mwaka. Kitabuni, bibi yuko kushoto na kioo kiko kulia, kwenye ukingo wa ukurasa. Nilizoea kuwaambia wanafunzi wapime kwa rula: kwa namna kioo kilivyoelekezwa, bibi hawezi kujiona mwenyewe. Ikiwa sisi tunauona uso wake ndani ya kioo, basi yeye anatuona sisi. Hicho ndicho kiinimacho chenyewe.

Nilisimama mbele ya bibi, nikamwona na kioo chake. Kisha nikageuza kichwa kulia kutafuta mwisho wa picha, na mwisho haukuwepo pale nilipoujua mimi. Picha iliendelea. Kioo kilikuwa kimeshikwa. Aliyekishika alikuwa mwanamke mweusi, mtu mzima, mdogo kwangu kidogo kwa umri, mwenye kilemba cheupe na hereni moja ya lulu. Alikuwa hamtazami bibi. Alitutazama sisi.

Nilisogea karibu na mkono wake. Mtu fulani, mahali fulani, alipokuwa anatengeneza kitabu ninachofundishia, aliona mwanamke huyu hana kazi ndani ya ukurasa, akamkata. Akabakisha kioo.

Kikundi cha wageni kiliingia pamoja na mwelezaji wao, kijana mpole mwenye miwani. Alieleza hariri, akaeleza kioo, akaeleza mistari ya vigae inavyolipeleka jicho kwa bibi. Alimtaja mpaka kasuku aliye dirishani. Alipotaka kuondoka, nilinyanyua mkono.

"Na huyu anayekishika?" nikauliza.

"Ah, ilikuwa desturi ya wakati ule," akajibu. "Waliwekwa ili ngozi ya bibi ing'are zaidi. Ni mbinu ya rangi. Hakusudiwi kuwa mtu fulani."

"Mimi ni mwalimu wa kuchora," nikamwambia. "Tazama kucha ya kidole gumba, ina ufa. Hakuna mchoraji anayebuni ufa wa kucha. Mtu alisimama mbele yake akashika kioo mpaka kazi ikaisha. Alikuwa nani?"

"Hatujui."

"Basi semeni kwamba hamjui. Hapa kwenye kibao mmeandika jina la bibi, jina la mumewe, na habari za kasuku. Yeye hamkumwandika hata kuwa yumo."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Watu walianza kutazama sakafu. Mlinzi aliacha mlango akasogea hatua chache. Dada alinishika kiwiko. "Basi, Mwanaasha," akaninong'oneza. "Watu wanatuangalia."

Tulirudi kwa treni. Jikoni Ilford ndipo Dada alipoanza, akiwa amenipa mgongo.

"Wewe umekuja kutembea, utaondoka. Mimi nabaki. Unajua nimekaaje nchi hii miaka yote? Kwa kutopandisha sauti. Nimewalea wazee wa watu, nimewaogesha, wengine wananiita kwa jina la mwenzangu wa zamu nyingine, naitika. Nimeitika ili nilale kwa amani."

"Dada, sikukulaumu wewe."

"Najua. Ndiyo maana limeniuma."

Akazima jiko, akaenda kusali. Nilikuwa na hasira ya aina niliyokuwa sijaijua: kwa mkataji, kwa mwandika kibao, na kwa ule upole wa kijana, ambaye alinijibu kama mtu anayemweleza mwenzake saa ya kufunga mlango.

Siku zilizofuata Dada alikwenda kazini na kurudi. Ijumaa jioni, tunakula, akasema tu, "Kesho twende tena. Mimi siku ile sikumtazama. Nilikuwa natazama watu."

Jumamosi ya pili alikwenda moja kwa moja mpaka chumba kile, akasimama mbele ya picha, upande wa kulia. Alikaa pale muda mrefu. Kijana wa miwani alipoingia na kikundi kingine alituona, na niliona anasita. Alieleza hariri na kioo. Alipofika kwenye kasuku, Dada alisema kwa Kiingereza, kwa sauti yake ile ya kawaida ya kuagizia samaki:

"Picha hii ina wanawake wawili. Tafadhali waambie na habari za huyu wa pili."

Kijana akageukia picha. "Ni kweli," akasema. "Mna wanawake wawili. Jina la mmoja tunalijua. La mwingine hatulijui, na hatukulitafuta." Watu wakasogea karibu, na mara hii walitazama kulia.

Hilo halikunipoza. Neno moja la kijana mmoja si kibao. Nilimwandikia mkuu wa jumba kuomba kibao kiandikwe upya, nikaondoka London bila jibu.

Nimerudi Unguja na macho yangu ni yaleyale. Nilikwenda kujifunza jinsi wachoraji walivyolidanganya jicho, na kumbe katika picha ile mchoraji hakumficha mtu. Alimweka wazi, mwenye pumzi, akampa na macho ya kututazama. Waliomficha ni waliokuja baadaye, wenye makasi na vibao, na hao hawakuhitaji ufundi wowote. Siku hizi, kabla sijafundisha mstari hata mmoja, nawauliza wanafunzi picha imeishia wapi na nani aliamua iishie hapo.

Jumamosi iliyopita Dada alinipigia simu kutoka ndani ya treni. "Kibao ni kilekile," akasema. "Leo nimeomba kuonana na mkuu wao. Wameniambia nisubiri, nikakaa nikasubiri mpaka wakafunga. Jumamosi nitarudi."