Siku ya Ishirini na Nane

Mimi Nashon, tarishi wa idara ya ujenzi pale chuoni mjini, nimebeba mengi mgongoni, lakini upuuzi wa mwaka wa hamsini na saba ulinishinda.

Mhadhiri msaidizi Mwafrika tulikuwa naye mmoja tu, Mwalimu Were. Asubuhi anafundisha, mchana anasahihisha, na katikati anakimbilia maabara kuangalia matofali yake. Aliyatengeneza kwa udongo mwekundu wa Dagoretti na saruji kidogo, na ilibidi ayapime uzito kila asubuhi kwa siku ishirini na nane. Yakishika, mtu wa kawaida angejenga nyumba imara kwa udongo anaoukanyaga. Akiruka siku moja, utafiti wote bure.

Mkuu wa idara, Mzungu, alikuwa mtu wa mbio za farasi kule Ngong Road. Siku ya ishirini na sita alinitwika mitihani ya wanafunzi wake mwenyewe, nimpelekee Were aisahihishe. Wala haikuwa mara ya kwanza. Niliona haya hata kuitua.

Were aliiweka yote kwenye mizani ya matofali, akaandika kikaratasi: “Ratili kumi na moja za kazi yako. Yangu nimemaliza.” Halafu akaniambia nirudishe. Mimi huyo! Nilirudisha.

Mkuu aliwaka. Kesho yake jioni aliniita akaniambia maabara isifunguliwe mpaka Were akubali kusahihisha mitihani ile. Funguo nilikuwa nazo mimi. Nikimfungulia, sina kazi.

Asubuhi ya ishirini na nane nilimkuta Were mlangoni, daftari kwapani. Alikuwa amesikia. Alijua nina watoto wanne shuleni.

“Nashon,” alisema, “usijiponze kwa ajili yangu.”

Hapo ndipo nilipochemka. Kwa ajili yake? Nani alimwambia ni yeye peke yake mwenye kichwa kigumu? Nyumba ya mama yangu iliangushwa na mvua mara mbili, na mara ya pili mama alikuwa ndani. Nilifungua mlango, nikausukuma mpaka ukutani, nikasimama pale pale.

Haukupita muda mkuu akaja, kofia bado kichwani, akauliza nani amefungua.

“Mimi,” nikamwambia. Nikamwekea funguo kiganjani kabla hajazidai. Nyuma yangu Were alikuwa akisoma uzito kwa sauti, tofali moja baada ya lingine, bila haraka yoyote.