Mtoto Aliyepimwa kwa Kikombe

Siku ile naikumbuka kama ya jana, mwanangu: siku niliyompeleka binti yangu mjini Kitui kupimwa akili, nikarudi nyumbani Mutomo na karatasi inayosema hana ya kutosha.

Kabla sijaendelea, ujue anayekuandikia ni nani. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, na hilo nalisema hata mbele ya kanisa. Lakini miguu hii imetoka Tseikuru na mbuzi, siku baada ya siku kwenye vumbi, kabla sijapata lori, na hakuna mbuzi wangu aliyebaki njiani. Leo lori ni langu, nyumba ya mawe ni yangu, na ukiuliza sokoni Mutomo ni nani anayemjua mbuzi bila kumshika, watakuonyesha mgongo wangu. Sijisifu. Ni kweli tu, na kweli mimi huisema kwa sauti.

Syombua ni mtoto wangu wa kwanza. Kwa desturi yetu alipewa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu akiwa mchanga namwita Mwaitu, yaani mama, na mama yangu humwita wajina. Akiwa na miaka minne alikuwa tayari anazijua alama za masikio. Huku kwetu kila ukoo hukata masikio ya mbuzi wake kwa namna yake. Huyu hukata ncha ya sikio la kushoto, yule hutoa pengo chini ya la kulia, mwingine huchana katikati. Mtoto alikuwa akiingia zizini anasema, huyu ametoka kwa fulani, huyu mama yake tulimnunua wakati wa mvua, huyu na yule ni mtu na dada yake. Rafiki yangu Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, alimsikiliza siku moja akashika ndevu zake. "Kilonzo," akaniambia, "huyu nipe niende naye. Nitafukuza makarani wangu wote."

Sasa fikiria mtoto kama huyo anaingia darasa la kwanza, na kabla muhula haujaisha mwalimu wake ananiita.

"Mzee, mtoto wako haongei. Nikimwuliza kitu anaangalia chini. Nitamrudisha nasari. Na kama mwaka ujao atakuwa vile vile, basi abaki nyumbani akusaidie na mbuzi."

"Mwalimu, huyo ana kichwa kuliko hii shule yako na mabati yake yote."

"Basi mlete pamoja na hicho kichwa," akanijibu. "Hapa huwa anakuja na ulimi uliolala."

Nilitoka pale nikiwa nawaka. Nesi mmoja aliyekuwa akinunua maziwa kwetu ndiye aliyeniambia kwamba Kitui mjini kuna ofisi inayopima watoto: wasiosikia, wanaochelewa kuelewa, hata wale ambao vichwa vyao vimetangulia umri wao. Kumbe mtu anaweza kupima kichwa cha mtoto! Mimi maisha yangu yote nimekuwa nikipima, meno, mbavu, kwato. Nikasema hapo ndipo pangu. Sokoni walinicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kilonzo, unaenda kumpima mtoto kichwa? Utamshonea kofia?"

"Nitamshonea. Na siku atakayoivaa, wewe utaivua yako."

Nilimnunulia Mwaitu gauni jipya na viatu. Njiani nilimwambia maneno ambayo nilikuwa nikimwambia kila siku: mbele ya watu wazima mtoto mwenye adabu hukaa kimya, haangalii mtu usoni, haulizaulizi. Nikaongeza, "Usiniaibishe."

Mpimaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Alimkalisha mtoto mezani akaniambia nisubiri nje, lakini mlango ulibaki wazi kidogo, nami sikuzaliwa kuyageuza macho. Nilimwona akitoa kikombe cha bati kwenye sanduku.

"Hiki ni nini, mama?"

Kimya. Mwaitu aliangalia viatu vyake vipya.

Akatoa kijiko. Kimya. Akatoa picha ya ng'ombe. Ng'ombe, mwanangu! Mtoto wa Kilonzo kuulizwa ng'ombe! Kimya kile kile. Ikaendelea hivyo mpaka sanduku likaisha. Baadaye yule mama akaniita akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mtoto apimwe masikio, arudi nasari, na kama hatabadilika atafutiwe darasa la watoto wanaochelewa. Akaniandikia karatasi.

Nilisimama. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka ofisi za jirani. "Umempima na vikombe! Mimi nikienda sokoni nipime mbuzi kwa kumwuliza jina lake, nitanunua kitu?" Nikamshika mtoto mkono tukaondoka, na nikajiona nimeshinda.

Mama yangu, ambaye mtoto humwita susu, yaani bibi, alikuwa uani akichagua kunde kwenye ungo. Alisikiliza kelele zangu zote bila kuinua kichwa. Nilipoishiwa pumzi, hakuniambia mimi neno. Alimgeukia mtoto.

"Wajina, kwa nini hukumwambia yule mama ni kikombe?"

"Susu, alikuwa anakijua. Alikishika mwenyewe."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe pia anamjua. Nikadhani ananitega nionekane sina adabu." Akaniangalia mimi kwa pembe ya jicho, akapunguza sauti. "Na baba alisema nisimwaibishe. Nikiuliza kitu nyumbani, baba husema mdomo wangu utaota pembe."

Mama akaweka ungo chini. "Kilonzo, umesikia? Mdomo umeufunga wewe, halafu umeenda kumpigia kelele mtu wa watu aliyekuwa anaufungua."

"Mama, mimi nilimfundisha adabu."

"Wewe uliiacha shule kwa nini?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Mwambie wajina wangu. Au niseme mimi? Ulimwambia mwalimu hesabu aliyoandika ubaoni ina kosa. Akakuchapa. Ukaja hapa unalia, na baba yako akakuongeza nyingine, akasema mtoto hamsahihishi mtu mzima. Asubuhi ukachukua fimbo ukafuata mbuzi. Na hesabu ilikuwa na kosa kweli, mwalimu mwenyewe aliirekebisha baadaye. Mimi nilikuwepo, nikakaa kimya kwa sababu baba yako alikuwa amesema. Sitakaa kimya mara ya pili."

Miaka yote nilikuwa nimewaambia watu niliiacha shule kwa kupenda biashara. Hata mke wangu alijua hivyo. Nilitoka nikaenda zizini, nikakaa na mbuzi mpaka uso ukapoa.

Lakini usidhani nilirudi Kitui kwa magoti. Wiki iliyofuata nilikuwa nasafirisha mbuzi ishirini kwenda mnadani. Nikamweka Mwaitu mbele kati yangu na dereva, na tulipofika mjini nikamwambia dereva asimame mbele ya ile ofisi. Mama mpimaji akatokea dirishani.

"Mzee, umekuja kunipigia kelele tena?"

"Leo kelele ni za mbuzi tu, mama. Nakuomba ushuke. Nilikuletea mtoto niliyemfunga mdomo mwenyewe. Sasa nataka nimfungue ukiona."

Alishuka. Kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa. Angeweza kuita askari, lakini alishuka akafungua daftari lake. Nikambeba Mwaitu nikamweka juu ya lori, nikamwambia, "Mwaitu, leo nakupa ruhusa. Huyu mama anajua vikombe lakini hajui mbuzi. Mfundishe."

Mwanzoni sauti ilikuwa ya mbu. Kisha ikapanda. Akamwonyesha alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaeleza ukoo gani hukata vipi, na kwamba ukiona pengo na mchano pamoja ujue mbuzi alikuwa mahari akahama ukoo. Hilo la mwisho sikuwa nimemfundisha. Alikuwa amelifikiria peke yake. Mama mpimaji akaandika, akaandika. Mimi kifua kilikuwa kimejaa mpaka vifungo vinalia.

Ndipo mtoto akafika kwa beberu mmoja mweusi mwenye paji jeupe, akasimama.

"Huyu baba alinunua vibaya."

Dereva akakohoa.

"Mkato wa zamani ni huu, umeota manyoya. Huu mwingine uko juu yake, bado ni mwekundu. Mtu amekata juu ya alama ya mwenzake. Na paji hili ni la mbuzi wa yule susu wa Ikutha mwenye fimbo mbili. Tulinunua ndugu yake." Akaniangalia. "Huyu ameibwa, baba."

Mwanangu, watu walikuwa wamejaa kando ya lori. Dereva wangu alikuwa na mdomo kama redio. Mimi, Kilonzo, ninayemjua mbuzi bila kumshika, nilikuwa nimeuziwa mbuzi wa wizi, na mtoto wa miaka saba alikuwa akinitangazia hilo katikati ya mji. Neno "Nyamaza!" lilipanda mpaka kwenye meno. Nilijua nikilitoa, mtoto yule hatafungua mdomo tena mbele ya mtu mzima maishani mwake, na atashika fimbo ya mbuzi kama mimi. Nimewahi kubeba ndama mabegani kuvuka mto Tiva maji yakiwa kifuani. Kulimeza lile neno kulikuwa kuzito zaidi.

"Endelea, Mwaitu," nikasema. "Waonyeshe vizuri. Mimi sikuona."

Akaendelea. Alipomaliza, mama mpimaji alivua miwani akamwuliza, "Na siku ile, kwa nini hukuniambia kile ni kikombe?"

Mtoto akanitazama, swali likiwa mdomoni. Nikamwambia, "Uliza."

"Wewe ulikuwa hukijui kweli?"

Watu waliangua kicheko, na yule mama zaidi ya wote. "Nilikijua, mama. Nilitaka kujua kama wewe unakijua."

"Si ungeniambia hivyo?"

Waliingia ndani wakakaa saa nyingi. Mara hii mlango niliufunga mwenyewe. Karatasi ya pili ilisema kwamba mtoto huyu anaona mpangilio wa vitu kuliko watoto waliomtangulia kwa miaka mitatu, kwamba asirudishwe nasari bali asogezwe mbele, apewe vitabu vya wakubwa, na maswali yake yajibiwe. Na yule mama akaniambia kwa mdomo, kidole juu: "Na usimtembeze sokoni kama dume la maonyesho." Hilo, nikiri, nililitii nusu.

Yule beberu nilimrudisha Ikutha mwenyewe. Bibi mwenye fimbo mbili alimtambua kabla hajashuka. Sokoni wakanibatiza Mzee wa Masikio, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo. Waniite. Wao wana watoto wanaosema "ndiyo baba" siku nzima, na hawajui kilichomo vichwani mwao.

Hedimasta naye alikataa. Alisema msichana hawezi kurushwa darasa, ataleta maringo, tena karatasi ya Kitui si sheria. Sikubishana naye. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake siku nzima, na ya pili nikakaa, na ya tatu harufu yangu ya zizi ikamshinda. Mwaitu akaingia darasa la pili katikati ya mwaka, na akamaliza akiwa wa kwanza.

Nyumbani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Kumsomea mtoto vitabu vya wakubwa sikuweza, sina cha kuficha. Nilichoweza ni kuleta. Magazeti ya kufungia nyama niliyaomba kwa mwenye bucha kabla hayajashika damu. Abdi akaleta ramani kuukuu, na mtoto akakuta njia ya mbuzi ya Tseikuru haipo, akaichora kwa kalamu. Na nilijifunza neno ambalo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu: "Sijui. Tukatafute." Siku ya kwanza kulisema, mke wangu alitoka jikoni kuja kuangalia kama ni mimi.

Sasa yuko kidato cha tatu, shule ya wasichana upande wa Makueni. Barua zake zimejaa maswali. Majuzi ameniuliza kwa nini mbuzi wawili weupe wanaweza kuzaa mweusi. Nimewauza maelfu ya hao viumbe na sijawahi kujiuliza. Nimemwandikia: sijui, Mwaitu, nifundishe ukifunga shule.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na atakayecheka acheke. Ukiwa na mtoto unayedhani ana kitu, mpeleke apimwe, hata kama kijiji kizima kitakuuliza habari za kofia. Karatasi ikikukasirisha, usiichane. Rudi nyumbani kwanza umwulize mtoto mwenyewe, halafu ujiulize wewe umemfanya nini. Mpimaji akikosea, mrudie na kile mtoto anachokijua. Mwalimu akikataa, kaa kwenye benchi. Mfundishe mtoto kuwaheshimu wakubwa, lakini heshima isiwe gunia la kumziba mdomo. Na siku atakapokusahihisha mbele za watu, na amesema kweli, meza lile neno. Hutakufa. Mimi nililimeza na bado napiga kelele.

Mungu akupe mtoto wa kukuuliza usilolijua, akupe kifua cha kumwambia hujui, na akupe miaka ya kutosha uje kusikia jibu kutoka kinywani mwake.