Nilikwenda Masasi Kujifunza Kigugumizi

Mimi nina kigugumizi, ila si cha muda wote, na hapo ndipo kichwa changu kinapochoka. Nikiwa kijiweni na bodaboda wenzangu hapa Newala, naongea mpaka wananiomba ninyamaze. Kiswahili, Chimakonde, chochote. Ila akija mzee natakiwa kumpa shikamoo, ile "sh" inatoka kama tairi imetoboka, na kilichobaki hakiji. Mzee ananisubiri, marahaba yake ameshaiandaa mdomoni, mwisho anaondoka nayo.

Nilipopata mchumba, shida ikawa shida kweli. Sisi ni Waislamu. Siku ya ndoa unashikana mkono na baba wa bibi harusi, anakwambia nimekuozesha binti yangu, na wewe unajibu nimekubali. Sasa mzee huyo ndiye yule ambaye mbele yake sijawahi kumaliza hata shikamoo. Na utani huwezi kumletea, mkwe ni mkwe.

Kaka yangu akasema hilo dogo, yeye atakuwa wakili wangu, atanijibia. Nikampelekea mchumba habari hiyo nikijua nimemaliza kazi.

"Yeye ndiye atasema nimekubali?" akauliza.

"Kwa niaba yangu."

"Basi na mimi nitampikia yeye, kwa niaba yako."

Nikasubiri acheke. Akaendelea kuchambua choroko zake.

"Mimi nitakuwa chumbani na shangazi zangu," akasema. "Nataka niisikie sauti yako dirishani. Hata ikichelewa."

Nesi mmoja wa zahanati ndiye aliyeniambia kuna mama yuko Masasi, kapanga chumba upande wa Mkomaindo, anafundisha watu wenye kigugumizi. Sikujua kama kuongea nako kuna fundi wake. Nesi akampigia simu kabisa, akamwambia anakuja kijana wa Kimakonde kutoka Newala. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu yule mama ni Myao wa Tunduru, na Wayao ni watani zetu, tukikutana ni kusemana bila kununa.

Nafika mlangoni, nimeshavuta pumzi ya shikamoo, yeye kaniwahi.

"Mmakonde huyo. Kaa mbali na meza yangu, usije ukaichonga."

"Hii haichongeki, mama. Mti wa Kiyao huu, ndani umeoza."

Tukaanzia hapo. Akanisema, nikamsema, akaulizia kama Newala tumeshajua matumizi ya sabuni, nikamwambia tulipoijua Wayao walikuwa wanaila. Muda ukaenda. Mwisho akaweka kalamu chini.

"Mtani, kigugumizi chenyewe kiko wapi?"

Nikakitafuta. Hakipo. Nimetoa nauli kuleta ugonjwa, ugonjwa umebaki stendi.

"Acha utani kidogo," nikamwomba, "utakiona."

Akanyoosha kitenge, akavaa miwani, akanikazia macho kama baba mkwe. "Kijana, jina lako nani?"

Kikaja chote. Shingo ikakaza, jicho likafumba lenyewe, jina langu mwenyewe likakataa kutoka. Yule mama hakunimalizia. Watu wote huwa wananimalizia, wengine wananitajia jina la kaka yangu, nami naitikia tu ili yaishe. Yeye akakaa, akaniangalia, mpaka nikafika.

Akanieleza kwamba ndivyo kilivyo, kwa huyu kinakuja, kwa yule kinakimbia, na wala si jini. Dawa ya kumeza hakuna, kuna mazoezi. Akanifundisha kuanza neno polepole, kama unavyoachia klachi. Hilo nililielewa. Halafu, nilipomweleza habari ya ndoa, akasema, "Sasa sema nimekubali, ila kwama makusudi."

"Makusudi?"

"Ni-ni-ni. Ukwame kwa kutaka wewe."

"Mtani, hilo somo nimefaulu tangu darasa la kwanza. Nimekuja huku nifeli."

Alicheka, lakini hakuniachia. Alisema kinachonibana ni kule kuogopa kukwama mbele za watu, nikikwama mwenyewe wazi, sitakuwa na cha kuficha. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuelewa. Nikajaribu, nikasema, "Nimekubali." Likatoka limenyooka.

"Umekosea. Rudia."

Maisha yangu yote nasemwa kwa kukwama. Siku hiyo nikasemwa kwa kutokwama.

Nikarudi Newala na kazi ya kwenda kukwama madukani. Naomba s-s-sukari kwa hiari yangu, mwenye duka ananihurumia. Kijiweni wakaniuliza, "Ulienda kutibiwa au kuongezewa?" Mama yangu yeye hakuuliza, alisema tu, "Wayao hao." Na kuna kukwama kwingine nilikuwa nakuanzisha mwenyewe, halafu kunaendelea bila mimi. Nikimpigia mtaalamu wangu wa Masasi anasema vizuri, endelea. Vizuri gani sasa?

Siku ya ndoa nilikaa mkekani, kaka yangu pembeni. Baba mkwe akanishika mkono, akasema yake yote. Nilikuwa na mpango wangu: nakwama kidogo makusudi, halafu naachia klachi. Nikaanza. Ni, ni. Hizo ni zangu. Ikaja nyingine sikuiita, na nyingine nyuma yake, shingo ikakaza, watu wakaanza kuangalia mkeka. Nikamwona kaka ameshafungua mdomo anisaidie.

Baba mkwe akamnyooshea mkono wa pili kama anasimamisha basi.

"Mwache. Anaongea."

Akaendelea kunishika, wala hakunibana. Sijui nilikaa hapo muda gani. Neno likatoka, tena kwa sauti ya kuitia abiria.

"Umesikia, mzee?" shehe akamuuliza.

"Nimesikia. Na zile za mwanzo nimezisikia."

Huko chumbani wakapiga vigelegele.

Tulipokaa wawili, mke wangu akaniuliza, "Zile ni-ni-ni zilikuwa za mtaalamu au zako?"

Nikamwambia za mwanzo nilizitia mimi, za katikati sizijui zilikotoka.

"Na nimekubali yenyewe? Ilikuwa zoezi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakwama. Akavuta kiti, akakaa, akangoja.