Kilio Kilichoagizwa Hotelini

Mtunzi wa muziki alikuja kanisani kwetu, mtaa wa Mangateen mjini Juba, siku ya mazoezi ya kwaya. Alijifunga kitenge shingoni katika joto lile linalochemsha mabati, akaketi benchi la mbele na kufumba macho. Nilidhani anasali. Kumbe anasikiliza. Tulipomaliza wimbo aliendelea kufumba, hata mama mmoja akaninong'oneza, "Huyu kawaja amelala?" Kawaja ndiye mzungu, kwa Kiarabu cha hapa.

Alikuwa ameletwa Juba na mradi fulani wa utamaduni, yeye na wenzake: mpiga saksafoni, mpiga piano, na mwanamke mzee aliyepiga besi, ile fidla kubwa ya kusimama. Wangefanya tamasha la muziki wa majaribio kwenye bustani ya hoteli moja kando ya mto. Jazi kidogo, muziki wa kuandikwa kidogo, na mengine yangezuka papo hapo. Alitaka kwaya yetu iwemo. Kwa kuwa nilisomea Kenya, nikafanywa mkalimani. Kazi hiyo ina adhabu yake: upuuzi wa mwingine unapitia kinywani mwako, na watu wanakutazama wewe.

Kiongozi wa kwaya alikuwa shangazi yangu, mama mpana, mtulivu, aliyerudi kutoka kambi za Uganda na Kiswahili cha huko. Akaniambia, "Uliza yeye anataka wimbo gani."

"Hakuna wimbo," mtunzi akajibu, akitabasamu kama mtu anayegawa zawadi. "Waambie wasahau nyimbo. Nataka sauti ambayo mwili unaikumbuka."

Nikatafsiri. Kina mama wakatazamana. Mmoja wao, kwa kumheshimu mgeni, akapiga vigelegele. Mtunzi akatikisa kichwa.

"Hapana, hiyo ni furaha. Watu wa hapa wameona vita. Nataka ile sauti mnayotoa mnapofiwa."

Nilitafuta namna ya kuyalainisha maneno hayo, nikakosa, nikayasema kama yalivyo. Hapakuwa na mama mle ndani ambaye hakufiwa. Shangazi alimzika mwanawe ng'ambo ya mpaka, na siku ya kurudi aliliacha kaburi huko bila mtu wa kulipalilia. Wengine hawakupata hata cha kuzika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu alikuja ili mwenyeji alie, tena alie kwa kuagizwa.

"Mwambie," shangazi akasema polepole, "kilio hapana fanya mazoezi. Kilio inakuja yenyewe."

Mtunzi alipoyasikia alishika kifua. "Vizuri sana! Basi tusifanye mazoezi. Siku yenyewe nitainua mkono, na itakuja yenyewe."

Kiziwi hutazama midomo yako apate kujua unasema nini. Mtu huyu alikuwa na masikio mawili mazima na hakuhitaji chochote kutoka kwetu zaidi ya kile alichokuja nacho.

Hata hivyo tulikwenda. Mchungaji alikwisha kutoa ahadi, na kusema kweli kina mama walitaka kuiona kwa ndani hoteli ambayo huipita kwa nje tu. Wakapiga sare zao pasi, wakajipaka mafuta, wakapanda gari lililotumwa kutuchukua alasiri, wakicheka njia nzima.

Bustanini walikuwamo watu wa mashirika na chupa zao za maji, na watoto wa wakubwa wenye miwani myeusi na viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope la mji huu. Kila mmoja alikuwa amevaa ule uso wa mtu anayeelewa. Tulipangwa nyuma ya wapigaji, tukasimama.

Mpiga piano alianza kwa kufunua kifuniko na kupachika vijiko na misumari kati ya nyaya. Alipobonyeza, zikatoka sauti za masufuria yanayooshwa.

"Piano imeharibika?" mama aliyesimama karibu nami akauliza.

"Hapana. Wameiharibu makusudi."

"Malesh," akasema, akiipa pole piano.

Kisha mpiga saksafoni akapuliza pumzi tupu kwa muda mrefu, akachomoa kipande cha mdomoni na kukipuliza peke yake, kikalia kama bata aliyebanwa mlangoni. Watu wa mbele wakatikisa vichwa kwa uchungu mkubwa. Sisemi haya kwa kuichukia jazi. Baba yangu alikuwa na kanda zake za jazi kule Nairobi, na tangu utotoni nilijua kwamba mpigaji anaweza kuuacha wimbo, akazurura mbali, akarudi na habari. Hawa waliuacha wimbo kabla hawajaufikia.

Halafu wakanyamaza wote, akabaki yule mwanamke wa besi. Alipiga chini, taratibu, akiirudia sauti ileile kama anayeuliza jambo na kusubiri. Hakumtazama mtu. Nilihisi kina mama wananyooka migongo. Shangazi alifumba macho.

"Huyu amefiwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Nani amekuambia?"

"Hapana mtu. Si unasikia?"

Besi ilikuwa bado inafifia mtunzi alipotugeukia na kuinua mkono.

Shangazi akafumbua macho, akautazama mkono ule kama unavyotazama nguo ya jirani kwenye kamba. Kina mama wakamtazama yeye. Hakuna aliyefungua kinywa. Mtunzi akainua na mkono wa pili, akavitetemesha vidole, akakunja uso kutuonyesha huzuni inavyokaa. Jenereta ya hoteli iliguruma nyuma ya jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa katikati yao, na nilijua lawama ingeanzia kwangu. Uso wa mtunzi ukawa mwekundu. Mwishowe akaishusha mikono.

Bustani nzima ikasimama na kupiga makofi. Kijana mmoja alipenyeza kidole chini ya miwani yake myeusi na kufuta jicho.

Mtunzi akatujia mbio amefungua mikono. "Mlielewa! Kimya kile! Nisingeweza kukiandika!"

"Anasema nini?" shangazi akauliza.

"Anasema tumefanya vizuri."

"Mwambie hatukufanya. Tumekataa."

Nikamwambia. "Naam, kukataa!" akapiga kelele, kisha akawageukia watu wenye bilauri mkononi na kuanza kuwaeleza, kwa furaha isiyo na kifani, maana ya kukataa kwetu.

Mwanamke wa besi alikuja baadaye peke yake. Nilijiandaa kutafsiri, lakini sikuhitajika. Shangazi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyowashika wafiwa, na wakakaa hivyo mpaka mtu alipokuja kumwita mgeni.

Ningependa kusema kwamba tulirudi Mangateen tukiwa kitu kimoja. Garini baadhi walinung'unika: tungelia kidogo tu, ingetupunguzia nini? Manung'uniko yakazidi mtunzi aliponipigia simu kutoka kwao. Walikuwa wanaandaa tamasha kubwa, na alitaka kwaya isafiri ikanyamaze huko.

Shangazi alitaka nimuulize kama tutaimba hata wimbo wetu mmoja.

"Wimbo utaiharibu kazi," mtunzi akajibu.

"Basi kalas," shangazi akasema. "Kunyamaza, sisi iko nanyamaza hapa hapa."

Yule mama aliyeipa pole piano alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba ataiona theluji. Hakumsalimia shangazi mpaka Pasaka ilipokaribia, na hata hapo alianza kwa kumkosoa mazoezini kwamba ameanzisha wimbo juu mno. Shangazi akaushusha, tukaimba.