Ukoka wa Bibi

Uwanja wa bibi niliuua mimi, kwa uvivu tu. Juzi nimeona mtoto kabeba dawa ya magugu kwenye chupa ya soda, hasira zikanipanda upya.

Ukoka ule, nyasi za uwanjani kwetu Mtunda, ndio wangeukalia wageni wa harusi ya dada. Bibi aling'oa magugu ya ndago kwa mkono, udongo ukinukia mvua. "Mke mwenzangu, njoo tung'oe!" aliniita kila siku. Mimi huyo, dukani. Muuza duka, mshenzi yule, akanipimia chupa nzima: "Inaua magugu tu." Kwa akili yangu ya darasa la nne, nikadhani dawa ina macho. Nikamwaga kote, ukoka ukakauka wote. Wageni walikalia vumbi, ndago zikichipua kwa raha zao. Bibi alilia.

Namlaani muuzaji mpaka leo. Nilipomsimulia shoga yangu Zuhura, akasema, "Mlaani tu. Ila bibi alikuita mara ngapi?"