Aligonga Kamio Mara Moya

Bakubwa ba gazeti, jina yangu muifiche, juu shefu wetu anajua kusoma Kiswahili. Mi niko na miaka makumi tatu na moya, niko shofere wa kamio, lori kubwa, pale tunamwangaka chini mawe ya shaba. Niko na bibi na batoto bane.

Kamio ikirudi nyuma, muntu moya anatembea pembeni na kugonga bati yake: mara mbili, endelea, mara moya, simama. Mwenzangu wa kugonga na mi tuko batani. Kabila yake na yangu zinataniana tangu bankambo, babu zetu: ananitukana, anakamata nyama mu sahani yangu, na siwezi kukasirika. Hata ku kazi hakuacha. Anagonga mara moya, nasimama, nashuka kuangalia, kumbe hakuna kitu, eko anacheka tu. "Mwangalie shofere mwenye kuogopa kivuli!" Na mi nilikuwa nacheka.

Siku ile akagonga mara moya. Nikasema, "Leo haunipate, mupumbafu!" Nikaendelea kurudi nyuma. Yo, Mungu wangu! Nilisikia mupira wa nyuma unapanda juu ya kintu.

Ku lupitalo munganga akamukata mwenzangu muguu. Alipoamuka hakukumbuka kitu. Akaniuliza, "Ndugu, niligonga?" Shefu alisimama pale na karatasi yake. Nikajibu, "Hapana. Ulisahau." Shefu akaandika: kosa ni yake mwenyewe. Njo vile kazi yake ikaisha, na nyumba ya mu kambi ya kampani banataka airudishe.

Kila siku ya Mungu, kisha misa, naenda kumuona. Bibi yake ananipikia bukari, ugali yetu, ananiita shemeji. Mutani wangu hanitukani tena, na hiyo inaniumiza kupita yote. Hata mu misa, padri akiwa anasoma, nasikia ile bati: ngo! Mara moya. Naangalia nyuma, bantu banafikiri niko mugonjwa.

Juma ijayo banamupandisha treni arudi kwao. Nikisema kweli, naingia buloko, nafungwa, batoto bangu banatupwa inje. Nikinyamaza, atakufa anajua ni yeye alijikata muguu.

Jana alinishika mukono, machozi inatoka. "Unisamehe, ndugu. Nilikuingiza mu mateso juu ya uzembe yangu."

Na mi nikajibu, "Nimekusamehe."

Ndugu basomaji, muniambie nifanye nini, treni ile haiyaondoka bado.