Kengele ya Namba Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba, mkanda wa kupandia nguzo, na onyo. Onyo lilitoka kwa Inspekta wa Laini, mtu mfupi aliyevaa kofia ya jua hata akiwa ofisini. Tulikuwa Kitui mjini, mwishoni mwa miaka ya sitini, nami nilikuwa nimetoka shule ya ufundi nikijiona najua umeme wote wa dunia. Akanitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Nzioka," akasema, "kazi ya simu ni kushuku. Simu ikikufa, shuku betri. Betri ikiwa nzima, shuku waya. Waya ukiwa mzima, shuku kikombe."

Kikombe ni kile kigae cheupe kinachoshikilia waya juu ya nguzo. Nikamuuliza, je, na kikombe kikiwa kizima?

"Rudi kwa betri. Ilikudanganya mara ya kwanza."

"Na watu, bwana Inspekta?"

"Watu ni wa mwisho. Ukianza na mtu, hutafika kwa waya tena."

Sehemu ya kwanza ya somo lile niliipokea kwa moyo wote, maana mimi ni mtu wa kushuku tangu kuzaliwa. Mke wangu husema hata chai yake nainusa kabla ya kuinywa. Ni kweli, na nina sababu zangu. Sehemu ya pili ilinichukua miaka mingi zaidi.

Kutoka Kitui nilipelekwa Kasikeu, chini ya Fundi Mkuu mmoja aliyependa kucheka peke yake. Huko tulikuwa na laini za pamoja. Nyinyi mliokua na simu mfukoni hamwezi kuamini, lakini waya mmoja ulihudumia maduka na mashamba kadhaa, na kila mmoja alikuwa na mlio wake. Wa huyu ni mrefu mmoja na mfupi mmoja, wa yule ni mifupi mitatu. Ukisikia mlio usio wako, unaacha simu ilie. Basi wenye maduka wawili wakaanza kugombana. Kila simu ya mmoja ikija, mwingine anaishika pia, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake anamsikiliza ili amwibie wateja. Ikafika hawasalimiani hata mlangoni mwa kanisa. Fundi Mkuu akasikiliza milio yao, akacheka kicheko chake, akaniambia, "Hawa wamepewa mlio mmoja." Tukambadilishia mmoja wao. Kushukiana kuliisha siku hiyo, ila kununiana kuliendelea mpaka nikahamishwa.

Nilihamishiwa Tseikuru, ambako hakukuwa na waya wa kushuku. Kulikuwa na simu ya redio, na wateja wetu wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa mifugo, wengi wao jamaa za Kiislamu kutoka kaskazini mashariki. Mzee mmoja, Haji tulimwita, kila mara aliniuliza, "Fundi, nani mwingine anasikia?" Nami nikamjibu ukweli, kwamba redio ni hewa na anayetaka anasikia. Kuanzia hapo akawa anataja bei za uongo, na ndugu yake upande wa pili alijua namna ya kuzigeuza. Nilimheshimu sana mzee yule.

Miaka ya tisini simu za kuzungushwa zikaanza kutupwa, nasi mafundi wake tukatupwa pamoja nazo. Nikaenda Nairobi kujifunza kompyuta, mtu mwenye mvi katikati ya vijana waliokuwa wakitafuna chingamu darasani. Niliporudi, mradi mmoja wa maji wa kanisa, uliokuwa na ofisi yake Mutomo, ukaniajiri kutunza mashine zake. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Mradi, mtu safi, mwenye kalamu tatu mfukoni na imani ndogo kwa binadamu. Katika hilo tulifanana.

Mashine kubwa ya ofisi ilikuwa kompyuta kuukuu ya wafadhili, imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Ndani yake kijana mmoja Mzungu wa kujitolea alikuwa ameweka Linux, kisha akarudi kwao akatuachia rundo la disketi. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, na ule wa kwetu haukuwa na picha za kubofya. Unaandika amri, unajibiwa kwa maandishi, na usipoandika sawasawa unajibiwa kwa ukali. Mashine ilikuwa na modemu ya kupokea barua kupitia redio ya mradi. Ilikuwa pia na kadi ya mtandao, kibao chenye ukubwa wa kiganja kinachochomekwa ndani ili kompyuta izungumze na nyingine kwa waya. Waya wetu ulitoka ofisini, ukapita juu ya paa, ukaingia kwenye kompyuta ndogo ya stoo, ilikoandikwa dizeli yote inayoingia na kutoka. Kwa njia hiyo Meneja aliweza kukaa kwenye kiti chake akaona dizeli ya pampu iliyobaki stoo. Na dizeli, jamani, ilikuwa inapungua kuliko pampu zilivyokunywa.

Kadi ile ilikuwa na vituko. Kila asubuhi ilibidi iamshwe kwa amri. Siku nyingine inaamka, siku nyingine inakataa, na kioo kinaandika kwa Kiingereza kwamba kinachohitajika hakipatikani kwa sasa. Nikashuku kama nilivyofundishwa. Nilishuku waya, nikaufuata juu ya paa nikitafuta meno ya panya. Nilishuku vizibo vya mwisho wa waya, nikavibadilisha. Nilishuku anwani, maana kadi za wakati ule ilibidi uiambie Linux zinakaa wapi ndani ya mashine. Nikaiandikia, ikaitikia vizuri. Nikashuku kadi yenyewe, kwamba ni ya bandia, nikachomeka nyingine ya aina ile ile. Vituko vikabaki vile vile.

Asubuhi moja Meneja akaniita. Ndani alikuwa na Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee wa fimbo na koti zito hata jua likiwaka.

"Fundi, wewe unatafuta kwa waya," Meneja akasema. "Mimi nimeshaona. Hii kitu inakufa siku za Mwikali peke yake."

Mwikali na Mutisya walikuwa makarani wetu, na walipokezana kufungua ofisi.

"Inaweza kuwa bahati mbaya tu," nikasema.

"Bahati mbaya ndio inajua duty roster?"

Mwenyekiti akagonga fimbo chini. "Siku netiwaki iko chini, hakuna mtu anaona dizeli. Huyo msichana anafungulia nani mlango wa stoo? Kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi tulete kithitu, watu wa ofisi waape. Mtu hana kitu haogopi."

Kithitu ni kiapo chetu Wakamba, na si cha mchezo. Ukikiapia uongo, watu huamini kitakuua wewe, kisha kiwarudie jamaa zako. Wengi hukiogopa hata wakiwa wasafi. Meneja akatazama dirishani. "Mimi ni mtu wa kanisa," akasema. "Hayo sijasikia." Lakini hakusema hapana.

Habari zilienea kabla ya chai. Mwikali alikuwa binti wa mchungaji, mwimbaji wa kwaya, na mtu aliyeongea kidogo, jambo ambalo halimsaidii mtu anayeshukiwa. Mchana akanikuta chini ya meza na bisibisi yangu, akachuchumaa.

"Mzee, mimi sitaapa. Nikiapa, baba atanitoa kanisani na mkono wake mwenyewe. Nisipoapa, watasema nimekula dizeli. Sasa niende wapi?"

Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililoniuma. Mtaniuliza kama nilimshuku. Nilimshuku kila mtu, Meneja akiwemo. Lakini waya ulikuwa haujaisha, na Inspekta wangu alikuwa bado anasema sikioni mwangu.

"Niambie unafanya nini ukifungua, mwiitu wakwa, binti yangu. Usiache kitu."

"Nawasha mashine. Nashika barua za redio kwanza, sababu zinakuja mapema, na naacha hiyo programu ikisikiliza. Halafu ndio naamsha kadi. Inakataa."

"Na Mutisya?"

"Mutisya hajui redio. Yeye anaamsha kadi moja kwa moja. Siku zake barua hazishiki, hata akinipisha nijaribu. Lakini nani atauliza barua? Kila mtu anaangalia dizeli."

Niliinuka nikagonga kichwa kwenye meza. Nilikuwa nimerudi Kasikeu, kwa wale wenye maduka wawili.

Nitaeleza kwa ufupi. Ndani ya kompyuta za wakati ule, kila kifaa kilikuwa na kengele yake ya kuiitia chipu kuu inayofanya kazi yote. Kengele hizo zina namba. Nikaiamuru Linux initajie kengele na wenyewe, na hapo kwenye namba tatu ikakaa modemu. Nikaichomoa kadi nikaitazama. Kwenye kadi zile namba huchaguliwa kwa jampa, kikofia kidogo cha plastiki kinachovishwa juu ya vijiti viwili vya chuma. Kiwanda kilikuwa kimeivisha namba tatu. Na ile kadi ya pili niliyojaribu ilitoka kiwanda kile kile. Linux haikubali wawili washike kengele moja. Aliyetangulia ndiye mwenyewe, wa pili anaambiwa kinachohitajika hakipatikani. Siku za Mwikali redio ilitangulia. Siku za Mutisya ilitangulia kadi.

Nilishika kile kikofia kukihamisha. Mwikali akanishika mkono.

"Usitengeneze."

"Kwa nini?"

"Ukitengeneza leo, kesho netiwaki itakuwa sawa. Watasema nimesikia kithitu nikaogopa, nikaacha. Wacha Meneja akae kwa mashine yeye mwenyewe kwanza, aone."

Katika miaka yangu yote ya ufundi sikuwahi kuombwa niache kitu kikiwa kibovu. Na alikuwa na haki. Niliirudisha kadi ilivyokuwa, nikafunga mashine.

Jumamosi watu walijaa uani. Mwenye kithitu alikuwa ameketi kando, chombo chake kimefungwa guniani, na hakuna aliyekaa karibu naye. Mwikali alisimama langoni pamoja na baba yake, mbali na ofisi, watu wote wakimwona. Nikamwomba Meneja, kabla ya mambo mengine, atufungulie ofisi kwa mikono yake. Madirisha yakajaa vichwa.

Akawasha. Nikamwambia ashike barua za redio, zikashika. Nikamwambia aamshe kadi, ikakataa. Nikamwambia azime, awashe tena, aanze na kadi. Ikaamka, na redio ikakataa. Akarudia bila kuambiwa, jasho likimtoka, na ikawa vile vile. Mwenyekiti akaingiza kichwa dirishani.

"Kwani na wewe Meneja uko kwa hii dizeli?"

Watu wakacheka sana. Meneja hakucheka. Nikafungua mashine mbele yao, nikakihamishia kile kikofia kwenye namba tano, nikafunga. Redio ikashika, kadi ikaamka, na kutoka stoo zikaja hesabu za dizeli. Mwenye kithitu akabeba gunia lake akaenda bila kuagwa na mtu.

Meneja akatoka barazani. "Kompyuta imepona," akatangaza. "Asanteni kwa kuja."

Mwikali alikuwa bado langoni. Alingoja. Niliona jinsi alivyokuwa akingoja, amejishika mikono mbele kama mtu aliye kwenye foleni, na baba yake akakohoa ili akumbukwe. Watu wakapita pembeni yao wakizungumza habari za kompyuta. Wiki iliyofuata Mwenyekiti alipeleka mbuzi nyumbani kwa mchungaji. Mbuzi akarudi na kamba yake, na ujumbe kwamba kilichochukuliwa pale hakikuwa mbuzi.

Dizeli iliendelea kupungua huku mtandao ukiwa mzima, siku za Mutisya na siku za Mwikali, mpaka dereva mmoja wa lori alipoacha kazi bila kuaga. Baada ya hapo ikatulia. Hata hapo hakuna aliyekwenda kwa Mwikali. Aliacha kazi mwaka huo huo, akaenda kufundisha upande wa Makueni. Nilisikitika kumpoteza, maana alikuwa na jicho la fundi.

Nilistaafu muda mfupi baadaye, nikarudi Kasikeu, nilikokuwa nimenunua shamba, kwenye ndengu zangu. Niliagwa kwa wali, nyama na hotuba ndefu, na Meneja akanisifu kwamba niliufufua mtandao wa mradi. Nilikuwa nimeketi na jamaa mmoja wa kamati, mtu mwema, aliyekuwepo uani Jumamosi ile na kucheka pamoja na wengine. Akaninong'oneza huku akitafuna, "Mzee, nakumbuka hiyo kompyuta. Ile Mwikali alikuwa anaharibu."

"Hakuharibu. Ulikuwepo, uliona."

"Niliona, ndiyo," akasema. "Lakini unajua, lisemwalo lipo."

Niliweka sahani chini. Kadi niliitengeneza kwa kuvuta kikofia kimoja cha plastiki. Hili lingine, jina la Mwikali, nimelijaribu sokoni, kanisani na mazishini, kila ninapokutana na mtu wa Mutomo, na bado halijaamka. Ndiyo maana nimeandika, ingawa mimi si mwandishi. Mwikali, binti wa mchungaji, hakuharibu kitu na hakula dizeli ya mtu. Ilikuwa kengele ya namba tatu. Mkifika hapa, someni tena kwa sauti, hasa kama kuna mtu wa kule karibu nanyi.